Penseli, Umeme na Sukari ya Damu

Tazama ncha ya penseli yako. Watu wengi huiita risasi, na jina hilo ni la makosa, kwani hamna risasi ndani yake. Ni mchanganyiko wa udongo wa mfinyanzi na grafaiti, ambayo ni aina ya kaboni.

Jaribio: Chonga kipande kifupi cha penseli pande zote mbili. Unga kwa nyaya betri mbili za tochi, glopu ya tochi na kipande hicho, ili umeme upite katika vitu vyote. (Usitumie kamwe umeme wa nyumbani.) Glopu itawaka, ingawa kwa mwanga hafifu. Sasa weka kijiti kikavu mahali pa penseli. Unaona nini?

Basi grafaiti hupitisha umeme. Imefanyika kwa tabaka nyingi zilizolaliana kama kurasa za kitabu. Uandikapo, baadhi ya tabaka hizo hubanduka na kubaki juu ya karatasi. Tabaka moja pekee huitwa grafini, na unene wake ni atomi moja tu. Tabaka zipatazo milioni 3 zikipangwa pamoja hufikia unene wa milimita 1. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov, wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, waliitenga grafini kwa kubandua grafaiti tena na tena kwa utepe wenye gundi!

Je, kitu chembamba hivyo chafaa nini? Mtu mwenye ugonjwa wa kisukari hana budi kupima sukari ya damu yake, iitwayo glukosi. Ndani ya kipimo mna elektrodi, yaani kipande kinachopokea umeme kutoka katika tone la damu. Juu yake hupakwa kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuibadili glukosi. Glukosi inapobadilika hutoa elektroni, nazo zikifika kwenye elektrodi huwa mkondo mdogo wa umeme. Glukosi ikiwa nyingi, mkondo huongezeka.

Lakini damu ina vitu vingine vitoavyo elektroni, kama vitamini C. Kipimo kikidanganyika, huonyesha sukari nyingi kuliko iliyopo. Mgonjwa akijidunga insulini kwa kuifuata tarakimu hiyo, sukari yake yaweza kushuka mno hata akazimia.

Kwa hiyo wanasayansi hutafuta elektrodi iliyo bora. Grafini hupitisha umeme vizuri sana, na kila atomi yake iko usoni, tayari kupokea elektroni. Hata hivyo, kimeng'enya hakishiki vyema juu ya grafini tupu. Ndiyo sababu huunganishwa na oksijeni, au hutiwa chembe ndogo mno za dhahabu, ili kimeng'enya kipate pa kushika. Kazi hiyo ingali ikiendelea katika maabara nyingi.

Maswali
1. Kwa nini glopu haikuwaka ulipotumia kijiti?
2. Kimeng'enya kina kazi gani katika kipimo cha sukari?
3. Eleza hatari ya kipimo kinachoonyesha sukari nyingi kuliko iliyopo.