Wajibu wa Usiri wa Nyaraka katika Mashauri ya Huduma za Ulemavu nchini Australia

1.0 Utangulizi

Mtu mwenye ulemavu anayepinga uamuzi wa serikali kuhusu huduma anazostahili hulazimika kuthibitisha mahitaji yake kwa maandishi. Ripoti anazowasilisha hueleza anavyooga, anavyokwenda haja, anavyolala, na pengine hali ya ndoa yake au maradhi ya akili aliyowahi kuugua. Makala haya yanafafanua kanuni inayozuia nyaraka za aina hiyo kutumiwa nje ya shauri, kwa kurejelea Mpango wa Taifa wa Bima ya Ulemavu wa Australia (NDIS), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2013. Hoja kuu ni kwamba kanuni hii humlinda mwombaji na papo hapo humfunga. Na kwa kuwa kwa kawaida haitamkwi, anayefungwa huenda asijue kwamba amefungwa.

2.0 Chimbuko la Kanuni

Msingi wa kanuni ni huu: mdaawa anayepokea nyaraka ambazo upande mwingine umelazimishwa kuzitoa haruhusiwi kuzitumia kwa lengo lolote nje ya shauri hilo. Sheria inapomlazimisha mtu kufungua kabati lake, haikusudii kuliacha wazi kwa kila mpita njia. Aidha, mtu mwenye hakika kwamba siri zake hazitavuka mipaka ya shauri hutoa nyaraka zake kwa ukamilifu zaidi.

Nchini Uingereza, kanuni hii ilipata umaarufu kupitia shauri la Harman, lililoamuliwa mwaka 1982 na House of Lords, iliyokuwa ngazi ya mwisho ya rufani. Harriet Harman, wakili wa mfungwa aliyeishtaki Wizara ya Mambo ya Ndani, alimruhusu mwandishi wa habari kuzipitia nyaraka za wizara ambazo tayari zilikuwa zimesomwa mbele ya mahakama ya wazi. Majaji watatu dhidi ya wawili waliamua kwamba alikuwa amedharau mahakama. Ndiyo maana hadi leo wanasheria huiita kanuni hii kwa jina lake.

Nchini Australia, Mahakama Kuu, ambayo ndiyo ya juu kabisa nchini humo, iliifafanua kanuni hii mwaka 2008 katika shauri la Hearne dhidi ya Street. Wakazi wa jirani walikuwa wamelalamikia kelele za bustani ya burudani ya Luna Park mjini Sydney. Hati za kiapo na ripoti ya mtaalamu zilizowasilishwa kwa ajili ya shauri hilo zilitumiwa na wahusika wa bustani kuishawishi serikali ibadili sheria. Mahakama ilieleza mambo mawili. Kwanza, ingawa jambo hili huitwa ahadi, kwa hakika ni wajibu unaowekwa na sheria, hata kama mtu hakuahidi chochote. Pili, wajibu huo humfunga pia asiye mdaawa, iwapo anajua nyaraka zilikotoka.

3.0 Matumizi katika Mashauri ya Ulemavu

Asiyeridhika na uamuzi wa Wakala unaosimamia NDIS huomba kwanza mapitio ya ndani. Akishindwa, hupeleka maombi kwenye Baraza la Mapitio ya Utawala, ambalo tarehe 14 Oktoba 2024 lilichukua nafasi ya Baraza la Rufani za Utawala. Wakala hutakiwa kutoa nyaraka zinazohusu uamuzi wake, na Baraza linaweza kutoa hati ya wito ili hospitali au daktari alete kumbukumbu za matibabu. Ingawa Baraza si mahakama, wajibu wa usiri hutumika humo pia.

Upande wa ulinzi uko wazi. Kumbukumbu za matibabu zilizoletwa kwa hati ya wito haziwezi kupelekwa kwa mwajiri wa mwombaji, wala kutumiwa katika mgogoro wa malezi ya watoto, pasipo ruhusa.

Upande wa pili huonekana kwa nadra. Tuchukulie mzazi anayepokea ripoti ya mtaalamu aliyeteuliwa na Wakala, naye anaona ina makosa kuhusu mtoto wake. Anaweza kuijadili na wakili wake, au na mtaalamu mwingine, kwa ajili ya shauri. Lakini akiisambaza katika kundi la wazazi mtandaoni, au akimpa mwandishi wa habari, anaweza kuvunja sheria. Hata kuiambatisha kwenye malalamiko dhidi ya mtaalamu huyo mbele ya bodi ya taaluma kunaweza kuhitaji ruhusa. Hata hivyo, wajibu huu haugusi mambo anayoyajua mzazi kwa njia nyingine, wala ripoti ya daktari wake mwenyewe aliyokuwa nayo kabla ya shauri.

Wajibu huu una mipaka. Kwa kawaida hukoma waraka unapopokelewa kuwa ushahidi, isipokuwa pawepo amri ya kuzuia. Vilevile, ruhusa inaweza kutolewa pakiwa na mazingira maalumu. Kwa hiyo faragha huhitaji kinga nyingine, kama vile kuficha majina. Mfano mashuhuri ni shauri la mwanamke anayetajwa kwa herufi WRMF tu, aliyeomba huduma zinazohusu tendo la ndoa. Mwaka 2020 Mahakama ya Shirikisho iliitupa rufani ya Wakala dhidi yake. Umma ulijadili hoja ya kisheria bila kumjua mwenyewe.

4.0 Hitimisho

Katika mashauri ya Harman na Luna Park, waliofungwa na wajibu huu walikuwa wakili na watu wa kampuni yenye uwezo wa kuajiri mawakili. Katika mashauri ya ulemavu, anayefungwa anaweza kuwa mama anayesoma mamia ya kurasa usiku, au mtu mwenye ulemavu wa akili anayesomewa na msaidizi. Kumdai mtu huyo atimize wajibu ambao hakuambiwa ni kumtegea shimo. Makala haya yanapendekeza kwamba kila jalada la nyaraka litanguliwe na ukurasa mmoja wa lugha nyepesi, unaopatikana pia kwa breli na lugha ya alama, unaosema nyaraka hizi ni za nini, nani anaruhusiwa kuonyeshwa, na ruhusa ya zaidi ya hapo huombwa wapi.