Antony Sher: Mjukuu wa Plungė (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliwaacha Wayahudi wa Lithuania wakiteremka melini Cape Town. Leo namfuata mjukuu wao mmoja, mwigizaji Antony Sher, na kitabu cha maisha yake, Beside Myself, kilichotoka mwaka 2001.

Sher alizaliwa Cape Town mwaka 1949. Ukoo wake ulitoka Plungė, mji mdogo wa magharibi mwa Lithuania, enzi hizo nchi ikiwa chini ya mfalme wa Urusi. Watu walihama kwa ufukara, kwa sheria zilizowabana Wayahudi, na kwa kuhofia vijana wao kuchukuliwa jeshini. Kisha mwaka 1930 Afrika Kusini ikapitisha sheria ya kupunguza wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki. Haikuwataja Wayahudi kwa jina, lakini ndio iliowalenga. Mlango waliopitia wenzao ukabaki ufa tu. Julai 1941 Wayahudi wa Plungė walikusanywa, wakapelekwa Kaušėnai, nje kidogo ya mji, wakapigwa risasi. Walikuwa takriban 1,800.

Natangulia na miaka hii kwa kuwa kitabu cha Sher hakieleweki bila hiyo. Kizazi cha waliowahi kuondoka kilikulia Sea Point, kando ya bahari, kikihudumiwa na Waafrika waliolazimika kutembea na pasi, yaani hati za ruhusa. Waliokimbia ubaguzi wakafaidi ubaguzi mwingine. Sher hajitetei: anakiri kwamba utotoni hakuuona. Kwangu, ukiri huo ndio moyo wa kitabu.

Mwaka 1968 alikwenda London kusomea uigizaji. Huko akaficha mambo matatu: kwamba ni Mzungu wa Afrika Kusini, kwamba ni Myahudi, na kwamba anapenda wanaume. Hata lafudhi yake akaitupa. Mtu anayejificha hivyo mchana kutwa hujifunza kuwa mtu mwingine kabla hajapanda jukwaani. Mwaka 1984 alimwigiza Richard wa Tatu wa Shakespeare akirukaruka juu ya magongo mawili, na jina lake likaenea Uingereza nzima.

Halafu, mwaka 1987, akawa Shylock, Myahudi mkopeshaji katika tamthilia nyingine ya Shakespeare. Wasomaji wetu wanamjua Shylock kupitia Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Sher alimleta akiwa Myahudi wa Mashariki, mgeni kwa mavazi na kwa matamshi, anayetemewa mate hadharani. Na katika mate yale aliiona pia Afrika Kusini. Mwaka uliofuata akachapisha riwaya, Middlepost, ya Myahudi wa Lithuania anayefika Cape Town mwanzoni mwa karne ya 20. Alichokificha miaka mingi kikaanza kutoka, kwanza kwa jina la mhusika, baadaye kwa jina lake mwenyewe.

Mwaka 2004 alisimama peke yake jukwaani katika Primo, mchezo alioutunga kutokana na kumbukumbu za Primo Levi, Mwitaliano aliyenusurika Auschwitz. Naamini alikuwa akiwaombolezea pia wale wa Kaušėnai.

Sher alifariki Desemba 2021 kwa saratani. Mwenzi wake, mwongozaji Gregory Doran, alikuwa miongoni mwa waigizaji wa mchezo ule wa mwaka 1987, ndiko walikokutana. Mwaka 2023 Doran alitoa kitabu kuhusu tamthilia za Shakespeare, na msiba wa Sher umo ndani yake. Hicho ndicho nitakachokifungua juma lijalo.