"MAMA" Iliposomeka "GOA"

Katika likizo iliyopita, sisi wa kamati ya msikiti tuliwaketisha vijana wetu mbele ya kompyuta ya maktaba, tukawapa kazi ndogo: waandike programu ya kugeuza maandishi kuwa milio ya Morse. Tulidhani ni kazi ya jioni moja. Ilituchukua siku tatu, na kilichotuchelewesha hakikuwa ugumu wa hesabu.

Vijana wa leo wakisikia "simu" hufikiria ile ya mkononi. Wazee wetu walikusudia pia maneno yaliyosafiri katika waya, herufi baada ya herufi. Mwaka 1844 Samuel Morse alituma ujumbe wake mashuhuri kutoka Washington hadi Baltimore. Mwaka 1879 waya wa chini ya bahari ukafika Unguja kutoka Aden. Humo zilipita habari za biashara na meli, na pia za ugonjwa na misiba.

Programu yenyewe ina mambo matatu. La kwanza ni jedwali: E ni nukta moja, T ni mstari mmoja, A ni nukta na mstari, M ni mistari miwili. La pili ni kipimo cha muda: nukta huchukua kipimo kimoja, na mstari vipimo vitatu. Kwa mwendo wa maneno 20 kwa dakika, kipimo kimoja ni milisekunde 60. La tatu ni sauti: wimbi linalotetema mara 700 kwa sekunde, lililoandikwa kwa namba 8,000 kwa kila sekunde. Hivyo nukta moja ni namba 480, na kimya cha urefu huohuo ni sufuri 480.

Vijana wakaandika neno lao la kwanza, MAMA. Spika ikalia, nao wakashangilia. Barazani alikuwa ameketi mzee wetu mmoja, aliyekuwa karani wa simu ujanani mwake. Akachungulia mlangoni, akauliza: "Wajukuu zangu, mna habari gani za Goa?"

Tulicheka, kisha tukaona kosa. Programu ilikuwa ikiweka kimya cha kipimo kimoja kila mahali, ndani ya herufi na baina ya herufi. Mistari miwili ya M na nukta ya A vikaungana kuwa G. Mistari mitatu iliyofuata ikawa O. Mwisho ikabaki A. Hakuna mlio hata mmoja uliokosewa. Kilichokosewa ni kimya.

Mzee hakucheka. "Mtu anangoja habari ya mama yake mgonjwa," alisema, "nawe unampelekea Goa. Ujumbe ni amana."

Siku ya pili vijana walirekebisha. Baina ya herufi na herufi wakaweka kimya cha vipimo vitatu, na baina ya neno na neno vipimo saba. Siku ya tatu waliondoa mikwaruzo iliyosikika kila mlio ulipoanza na kukoma. Waliufanya mlio upande na kushuka polepole, kwa milisekunde chache, badala ya kukatika ghafla.

Kisha wakamwomba mzee ageukie ukuta. Programu ikalia. Akachukua penseli, akaandika bila kusita: MAMA AMEPONA. Akaikunja karatasi, akampa kijana aliyeutuma ujumbe ule, kama alivyokuwa akifanya zamani.

Wazazi wenzetu, kompyuta ingeweza kurudia kosa lile usiku kucha bila kujua. Aliyelijua ni mzee mwenye sikio lililofunzwa. Basi mtoto anapojifunza mashine, na amkaribishe babu yake aketi naye. Huenda analolijua babu ndilo linalokosekana.