Banda la Kuhifadhia Ndege Isiyokamilika

Ndege ya kujitengenezea ni ndege ndogo ambayo mwenyewe huiunda nyumbani, ama kwa kufuata michoro, ama kwa kuunganisha vipande vilivyonunuliwa kwa seti kutoka kiwandani. Sheria ya Marekani huiruhusu kusajiliwa katika kundi la ndege za majaribio kwa sharti kwamba zaidi ya nusu ya kazi ya kuiunda imefanywa na watu wanaojifunza au kujiburudisha, wala si na mafundi wa kulipwa. Kwa kuwa waundaji wengi wana ajira na hushika kazi hii jioni na mwisho wa wiki tu, miaka kadhaa hupita kabla ndege haijakamilika, na muda wote huo mkia uliokwisha mapema na mabawa yaliyofuata huwa hayana pa kukaa, maana gereji ya nyumbani imekwisha kujaa mwili wa ndege, meza na zana. Ndipo banda linapohitajika, nalo si hanga la ndege nzima wala karakana, bali ni ghala la sehemu zinazosubiri nyingine.

Haja hiyo ina umri sawa na ndege yenyewe. Mwaka 1901 ndugu Wilbur na Orville Wright walijenga banda la mbao huko Kill Devil Hills, North Carolina, lenye urefu wa mita 7.6 hivi, na mwaka 1903, walipoleta ndege ambayo mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 12.3 kutoka ncha hadi ncha, iliwabidi kujenga la pili lenye urefu wa mita 13.4. La kwanza walikuta dhoruba imeling'oa juu ya nguzo zake na kulisogeza kando. Hadi leo banda jepesi lisilofungwa kwa vyuma kwenye msingi wake liko katika hatari iyo hiyo, hasa pale ambapo milango yake mipana huachwa wazi upepo ukaingia.

Vipimo hutegemea aina ya ndege, na mfano mzuri ni RV-7, ndege ya alumini yenye viti viwili ambayo seti zake huuzwa na kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon. Ndege hiyo ina urefu wa mita 6.2 na mabawa ya mita 7.6 kutoka ncha hadi ncha, lakini kila bawa likiwa peke yake halifiki mita 4, na mabawa yote mawili yakisimamishwa kwa ukingo wa mbele chini, ubavu kwa ubavu katika fremu ya mbao yenye magurudumu na mikanda ya zulia, huchukua nafasi ndogo kuliko kitanda cha watu wawili. Kanuni za ujenzi wa nyumba zinazofuatwa katika sehemu nyingi za Marekani husamehe kibali cha ujenzi kwa banda lisilozidi futi za mraba 200, yaani mita za mraba 18.6, ingawa miji mingine ina masharti makali zaidi na umbali kutoka mpaka wa jirani hauna msamaha. Eneo hilo hutosha mabawa, mkia na makasha. Kinachosahauliwa ni mlango, kwa hiyo fremu ya mabawa ipimwe ikiwa juu ya magurudumu yake, tena pamoja na njia ya kuipindishia, kabla zege halijamwagwa.

Hata hivyo, adui mkubwa wa banda la aina hii ni mvuke ulio hewani kuliko mvua. Alumini ya ndege huchanganywa na shaba ili iwe imara, na shaba hiyo huifanya iliwe na kutu kwa urahisi, ndiyo maana bati lake hufunikwa pande zote mbili kwa utando mwembamba wa alumini safi, utando ambao mkwaruzo mmoja hutosha kuutoboa. Baada ya usiku wa baridi kali chuma hubaki baridi hata pale ambapo hewa vuguvugu yenye unyevu imekwisha kuingia asubuhi, na umande hufanyika juu ya bawa, ndani ya bawa, na chini ya paa la bati linalodondosha matone ingawa halivuji popote. Mwundaji anayewasha hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea moshi hujiongezea tatizo, kwani kilo moja ya propani ikiungua huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, na maji hayo yote huingia katika hewa ya banda.

Kwa sababu hiyo karatasi nzito ya plastiki hutandazwa chini ya zege ili unyevu wa ardhi usipande, paa hutiwa kihami joto, na umeme huvutwa kwa ajili ya mashine ndogo ya kukausha hewa. Fedha zikiwa chache, ni afadhali zitumike katika mambo hayo matatu kuliko katika kuongeza ukubwa wa banda. Ndani yake, bati za alumini zisilazwe moja juu ya nyingine zikiwa zimefungwa kwa karatasi au maboksi, kwa kuwa karatasi hushika unyevu na kuubana dhidi ya chuma, wala rafu zisiundwe kwa mbao zilizotiwa dawa yenye shaba, ambayo huila alumini inayoigusa. Klorini ya bwawa la kuogelea na mbolea ya bustani, ambazo familia itataka kuzisukumia humo, zitafutiwe mahali pengine. Panya wadogo hupenya katika upenyo wa milimita 6, hupenda kujenga viota ndani ya mabawa, na mkojo wao hutoboa alumini.

Inabaki injini. Katika injini nyingi za Lycoming, mhimili wenye nundu zinazofungua vali umewekwa juu, hivyo mafuta hutiririka chini na kuuacha mkavu, na kutu ndogo inayoanza hapo huja kukwangua chuma injini inapowashwa. Injini iliyohifadhiwa hutiwa mafuta maalumu na kuzibwa kwa vizibo vyenye chembe za kunyonya unyevu, ambazo hugeuka kutoka buluu kuwa waridi zinaposhiba, na mtu hana budi kuzikagua mara kwa mara. Asiye na hakika kwamba atafanya hivyo asiinunue mapema ili aiweke bandani. Aiagize pale ndege inapokaribia kukamilika.