Kabla ya Kulilaumu Gitaa, Itazame Piki

Gitaa kavu likitoa sauti kali, watu hulaumu gitaa. Watasema ni la bei rahisi, ubao wake ni plaiwudi tupu, nyuzi zimeota kutu. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mimi nafundisha vijana wa kwaya kupiga gitaa, leo Mbinga mjini, kesho Mbamba Bay au Liuli, na kitu cha kwanza ninachomwomba mpigaji anioneshe ni piki yake, kile kipande kidogo anachokishika kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Mara nyingi ugonjwa uko pale.

Huku kwetu piki ya dukani haikai. Ikipotea, kijana anachukua mkasi na kukata kadi: kadi ya benki iliyokwisha muda wake, au ile fremu inayobaki baada ya kung'oa laini ya simu. Kadi hizo hutengenezwa kwa kipimo kimoja dunia nzima, unene wa milimita 0.76, kwa hiyo kwa unene si mbaya. Ni sawa na piki ya kati. Ubaya wake ni ukingo. Mkasi ukipita unaacha kona kali, na kona hiyo ndiyo inayokwaruza uzi.

Uzi wa gitaa ukichomolewa hautoi sauti moja. Kuna sauti ya msingi, ile tunayoitaja tukisema hii ni Sol au hii ni La, na juu yake kuna sauti nyembamba nyingi zinazopanda kwa ngazi. Piki ngumu yenye ncha kali huupinda uzi kwa kona kali, na uzi ukiachiwa zile sauti nyembamba hutoka kwa nguvu. Ncha pana ya mviringo huupinda uzi taratibu. Sauti nyembamba zinapungua na ya msingi inabaki mbele. Ni kama ngoma kubwa ukiipiga kwa kijiti kitupu, kisha ukiipiga kwa kijiti kilichofungwa kitambaa. Ngoma ni ileile, ila ya pili ina sauti iliyoshiba.

Unene nao una neno lake. Piki nyembamba, chini ya milimita 0.6, hujikunja kila inapogusa uzi, na ikijinyoosha inapiga "tak". Huo mlio si wa gitaa, ni wa plastiki. Kwa anayekwangua chodi katikati ya bendi kubwa unaweza kumfaa, kwa kuwa unasikika kama kayamba. Kwa gitaa moja linalosindikiza waimbaji unaudhi, hasa katika makanisa yetu yenye bati juu, saruji chini na kuta za tofali za kuchoma, mahali ambapo hakuna pazia wala zulia la kumeza ukali. Mimi nashauri milimita moja hadi moja na nusu. Namba huwa imechapwa kwenye piki yenyewe.

Kuna dawa isiyogharimu hata shilingi. Piki ya kawaida ina ncha moja na mabega mawili ya mviringo. Igeuze, upige kwa bega. Binti mmoja wa kwaya ya ufukweni, anayeimba huku akipiga, nilimgeuzia piki yake mkononi katikati ya mazoezi. Alipiga beti mbili, akasimama. "Mwalimu," akasema, "leo najisikia ninavyoimba."

Malighafi ina habari ndefu zaidi. Zamani piki bora zilichongwa kwa gamba la kasa ng'amba, yule yule wa bahari yetu ya Hindi. Mwaka 1922 Luigi D'Andrea wa New York alianza kutengeneza piki za seluloidi, aina ya plastiki, na hizo zikaenea. Tangu miaka ya 1970 biashara ya kimataifa ya ng'amba imepigwa marufuku, na ni haki, maana mnyama huyo yuko hatarini kutoweka. Lakini gamba lake, ukucha wako na pembe ya ng'ombe ni kitu cha jamii moja, keratini. Ndiyo maana pembe inatoa piki nzuri sana, na pembe Mbinga zimejaa tele machinjioni.

Chukua kipande cha upande mpana, karibu na shina, ambapo pembe ni tupu ndani. Kichemshe mpaka kilainike, kibane kati ya vyuma viwili, ukiache kipoe hapohapo, la sivyo kitarudia mkunjo wake. Chora umbo, kata kwa msumeno wa chuma, kisha ingia kwenye msasa, wa kukwaruza kwanza, laini baadaye. Ukisugua kwa haraka utasikia harufu ya nywele zilizoungua. Ukingo ndio kazi yenyewe: usiuache kama ubavu wa ubao, uulaze pande zote mbili mpaka kidole kikipita kisikwame popote. Malizia kwa kitambaa cha jinzi na tone la mafuta ya kula. Asiye na subira akate ubavu wa dumu la plastiki. Ni laini, hauna mlio wa "tak", ila unaisha haraka.

Nailoni ya dukani ni nzuri pia, tulivu kuliko seluloidi, lakini inateleza. Ukishuka zile kilomita 66 za lami kutoka baridi ya Mbinga hadi joto la Mbamba Bay, vidole vinatoka jasho na piki inazunguka mkononi. Ikwaruze mgongo kwa msumari, itashika.

Ukishaipata piki yako, angalia unapigia wapi kwenye uzi. Karibu na daraja sauti ni kali. Juu ya tundu, au mbele kidogo kuelekea shingo, inatulia. Na yupo asiyehitaji piki kabisa. Mpigaji gitaa Jean Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, na wazee waliojifunza gitaa kavu kwa santuri zake wanajua utamu ule. Ila nyama ya kidole haina nguvu ya kuifikia kwaya ya watu arobaini. Hapo ndipo piki nene ya mviringo inapostahili.

Wenye maduka ya vifaa vya muziki Songea na Mbinga, nawaomba: mkienda Kariakoo kufuata mzigo, msibebe zile nyembamba za rangirangi peke yake. Leteni na za nailoni za milimita moja kwenda juu. Wapigaji tupo, tutazinunua.