Michezo ya Kuigiza Wahusika na Hadithi Shirikishi: Swala la Lugha kwa Mtungaji wa Programu

Makala hii inakusudia kutofautisha aina mbili za michezo ya kompyuta ambazo mara nyingi huchanganywa, yaani mchezo wa kuigiza wahusika na hadithi shirikishi, na kuonyesha kwamba mtungaji wa programu anayetaka kutumia Kiswahili hukabiliwa na kazi tofauti katika kila moja.

Asili ya aina zote mbili yaweza kufuatiwa hadi mwaka 1974, Dungeons & Dragons ulipochapishwa huko Marekani. Katika mchezo huo watu huketi mezani, kila mmoja akamwigiza mhusika wake, na msimamizi huwasimulia yanayowakuta. Mchezaji husema atakalo, msimamizi humwelewa, kisha dadu huamua kama tendo limefaulu. Kwa hiyo mchezo una nguzo mbili: mazungumzo na hesabu.

Kompyuta iliposhika nafasi ya msimamizi, nguzo hizo zilitengana. Michezo kama Wizardry (1981) ilirithi hesabu: nguvu, silaha na uzoefu wa mhusika huwekwa katika tarakimu, naye mchezaji huchagua tendo katika orodha fupi. Hadithi shirikishi ilirithi mazungumzo. Will Crowther, ambaye alikuwa mchezaji wa Dungeons & Dragons, alitunga Adventure mnamo 1975 na 1976, na Don Woods akaipanua mwaka 1977. Msomaji huandika amri ya kitenzi na nomino. Programu huichanganua na kumjibu kwa masimulizi.

Tofauti hii ina uzito kwa wanaisimu. Katika aina ya kwanza lugha hutoka tu, na tafsiri nzuri yaweza kutosha. Katika aina ya pili lugha huingia pia, na programu iliyoundwa kwa maneno ya Kiingereza yanayosimama mbalimbali haiwezi kulichanganua neno la Kiswahili lenye viambishi. Tuchukue mfano wa chumba chenye kitabu, taa na ufunguo. Msomaji akiandika “kichukue”, kiambishi ki- chatosha kuonyesha kitabu. Akiandika “ichukue”, ni taa. Hapa upatanisho wa ngeli humsaidia mtungaji. Lakini “uchukue” lina utata: u- chaweza kuwakilisha ufunguo, au nafsi ya pili umoja pasipo kutaja kitu. Vilevile “funga” na “fungua” hutofautiana kwa kiambishi kimoja tu, ilhali maana zake hupingana. Programu inayokisia maneno yaliyokosewa tahajia yaweza kuufunga mlango ulioamriwa kufunguliwa.

Ni kweli kwamba zana kama Twine, iliyotolewa mwaka 2009, humpa msomaji viungo vya kuchagua, na hivyo hulikwepa tatizo hili. Hata hivyo, mtungaji anayetaka msomaji aiamuru hadithi kwa maneno yake mwenyewe hana budi kuanza na sarufi. Kazi hiyo haifai kuachiwa mafundi wa kompyuta peke yao, kwani uchambuzi wa ngeli na vitenzi, ambao ndio kazi ya idara zetu, ndio malighafi wanayoihitaji.