Steroli za parachichi: mwili huzikataa, na faida yake iko hapo hapo

Siku za soko pale Tengeru, maparachichi ya kutoka mashamba ya Wameru hupangwa mafungu mafungu kando ya ndizi na karoti. Siku hizi yana sifa mpya: muuzaji atakuambia yanasafisha mishipa ya moyo. Kuna chembe ya kweli katika maneno hayo, ila si ile anayoidhani muuzaji.

Parachichi, maharage, karanga, ufuta na mafuta ya alizeti vyote vina steroli za mimea, hasa sitosteroli na kampesteroli. Kwa umbo hazipishani sana na lehemu, yaani kolesteroli. Mwili wa binadamu hauwezi kuzitengeneza. Zote tulizo nazo zimepitia mdomoni.

Chukua sahani ya makande yenye kipande cha parachichi pembeni. Chakula kikifika kwenye utumbo mwembamba, nyongo huyavunja mafuta na kuyakusanya katika chembe ndogo mno zinazoweza kuelea majini hadi kwenye ukuta wa utumbo. Lehemu haiyeyuki majini, kwa hiyo inazitegemea chembe hizo, na nafasi ndani yake ni haba. Steroli na lehemu hugombania kama abiria wa Hiace ya Usa River saa kumi na mbili jioni. Steroli zikiwahi, lehemu hubaki na mwishowe hutoka na choo. Na lehemu hiyo si ya nyama na mayai tu: nyingi zaidi ni ya mwili wenyewe, iliyoteremka pamoja na nyongo. Ndiyo maana hata asiyegusa nyama steroli zinamhusu.

Zinazofika ukutani hupokelewa na protini iitwayo NPC1L1, ambayo huingiza lehemu na steroli pia. Uchambuzi hufanyika ndani ya seli. Lehemu huunganishwa na asidi za mafuta, kisha husafirishwa kwa njia ya limfu hadi kwenye damu. Steroli haziunganishwi kwa urahisi hivyo, na protini mbili zinazofanya kazi pamoja, ABCG5 na ABCG8, huzirudisha utumboni. Chache zinazoponyoka hukutana na ini, nalo huzitoa kwa nyongo. Mwisho wa hesabu, karibu nusu ya lehemu iliyomo utumboni huingia mwilini. Kwa steroli, kwa ujumla haifiki asilimia 5.

Mwili una sababu ya kuzikataa. Mwaka 1974 madaktari wa Marekani walieleza habari za dada wawili waliokuwa na vinundu vya mafuta kwenye kano, na damu yao imejaa sitosteroli. Chanzo kilibainika mwaka 2000: kasoro katika jeni za ABCG5 au ABCG8. Ugonjwa huo ni adimu sana, lakini unaweza kuharibu mishipa ya moyo mtu angali kijana. Mgonjwa wa namna hiyo hushauriwa apunguze vyakula vyenye steroli nyingi.

Sasa tuje kwenye kipimo, ambacho wauzaji hawakitaji. Kwenye majaribio, gramu 2 za steroli kwa siku hushusha lehemu mbaya, LDL, kwa asilimia 8 hadi 10 hivi. Finland ilianza kuuza majarini iliyoongezwa stanoli, ndugu wa steroli, mwaka 1995. Gramu 100 za parachichi zina miligramu 80 hivi. Kufikisha gramu 2 ungemaliza kilo 2 na nusu za nyama ya parachichi kila siku, na hakuna tumbo la kuvumilia hilo. Mlo wa kawaida hutupatia miligramu 200 hadi 400.

Wapo watakaowataja Wamaasai, ambao daktari George Mann aliripoti mwaka 1964 kuwa lehemu yao ya damu iko chini. Lakini maziwa na nyama havina steroli za mimea za kuhesabika. Utafiti uliochapishwa mwaka 1971 ulionyesha kwamba Mmaasai akila lehemu nyingi, mwili wake hupunguza kutengeneza yake. Hiyo ni njia nyingine kabisa.

Parachichi ni chakula kizuri, na makande ni chakula kizuri zaidi ya sifa yake, kwa kuwa maharage huleta steroli pamoja na nyuzinyuzi. Lakini kama umeandikiwa vidonge vya kushusha lehemu, endelea kuvimeza, na usiviache bila kuzungumza na daktari wako.